Kukata motokari na kuijenga upya: historia ya mafundi wa bodi, kutoka Brussels mpaka Kasumbalesa

KASUMBALESA. Hapa mpakani barabara inabadilisha upande. Lori linalotoka Chililabombwe, ngambo ya Zambia, linakuja likishika kushoto. Likisha kupita kizuizi cha mpaka, linapaswa kushika kuume mpaka Lubumbashi, safari ya kilomita 90 na zaidi kidogo. Waingereza walitawala ngambo ile, Wabelgiji walitawala ngambo hii, na kila mmoja aliacha desturi yake barabarani. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, lakini desturi hizo mbili za barabara hazikuondoka pamoja na wakubwa wa zamani.

Ndiyo maana katika sehemu zetu habari ya volani ni habari ya kila siku. Motokari nyingi zinazouzwa hapa zilitengenezwa Japani, ambako wanashika kushoto kama Zambia, na volani iko kuume. Basi kuna mafundi wanaozifungua, wanakata, wanachomelea, wanahamisha volani, wanaongeza viti, wanageuza gari la mizigo kuwa la watu. Wengi wanaitazama kazi hiyo kama kazi ya umaskini, kama kiraka kwenye suruali.

Historia ya motokari inasimulia mambo mengine. Kazi hiyohiyo ya kukata na kuchomelea ilifanywa Uingereza na Ubelgiji juu ya motokari za Kiingereza zilizopendwa kuliko zote, na leo matajiri wanazitafuta dunia nzima. Ni vizuri wasikilizaji na wasomaji wa Kasumbalesa waijue historia hiyo, na familia zilizofika hapa zikiwa zimeacha kila kitu nyuma waijue pia, kwa sababu inagusa usalama wa watoto wao barabarani.

MOTOKARI ILIKUWA INANUNULIWA NUSU

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mwenye pesa hakununua motokari nzima. Kiwanda kilimuuzia shasi: chuma cha chini, injini, magurudumu na volani. Alichukua shasi hiyo akaipeleka kwa fundi wa bodi. Mafundi hao walikuwa wametoka kwenye kazi ya magari ya farasi. Walitengeneza mifupa ya mbao, wakaivika mabati ya chuma au ya alumini yaliyopigwa nyundo kwa mkono, wakashona viti vya ngozi. Kampuni ya Rolls-Royce haikuuza motokari yenye bodi ya kiwanda chake yenyewe mpaka baada ya vita ya pili ya dunia.

Baada ya vita hiyo mambo yaligeuka. Viwanda vikubwa vilianza kukandamiza mabati kwa mashine, na bodi yenyewe ikawa ndiyo nguvu ya motokari. Shasi ya peke yake ikaanza kupotea. Mafundi wa bodi wengi walifunga milango. Waliobaki walitafuta njia nyingine ya kula: walichukua motokari iliyokwisha kumalizika kiwandani, wakaikata, wakaijenga kwa sura nyingine.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Bodi ikiwa ndiyo nguvu ya motokari, ukikata paa umekata mfupa. Fundi asiyejua atapata motokari inayopinda katikati, milango isiyofunga, na kioo cha mbele kinachopasuka chenyewe. Fundi anayejua anaimarisha sakafu na nguzo kabla ya kugusa paa.

MOTOKARI YA MBWA NA BUNDUKI

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa David Brown, Mwingereza aliyetajirika kwa kutengeneza gia na matrekta, aliyenunua kampuni ya Aston Martin mwaka 1947. Kampuni hiyo ilitoa DB5 kati ya 1963 na 1965. Ilikuwa motokari ya mbio, nzuri sana, lakini nyuma haikuwa na nafasi. Inasimuliwa kwamba Brown, aliyependa kuwinda, hakupata mahali pa kumweka mbwa wake na vyombo vya uwindaji. Akaagiza kiwanda chake kimtengenezee DB5 moja yenye paa refu na mlango wa nyuma.

Wateja walipoiona, wengine wakataka kama ile. Kiwanda kilikuwa na kazi nyingi, basi kazi hiyo ikapewa Harold Radford, fundi wa bodi wa London. DB5 ilikuwa na mifereji myembamba ya chuma chini ya mabati ya alumini. Radford alikata mifereji ya nyuma, akaunda mingine, akapiga mabati mapya kwa mkono. Zilitoka 12 tu.

FUNDI WA BRUSSELS

Mfano wa pili unatugusa karibu zaidi, kwa kuwa ulitokea katika mji mkuu wa waliotutawala, miaka michache tu baada ya uhuru wetu. Jacques Coune alikuwa na ateliye mjini Brussels. Wakati huo Waingereza wa Abingdon walikuwa wameanza kutoa MGB, mwaka 1962. Ilikuwa motokari ndogo ya viti viwili, bila paa la chuma, na bei yake haikuwa ya kutisha. Ilipendwa sana: mpaka ilipoachwa kutengenezwa mwaka 1980 zilikuwa zimetoka zaidi ya 500,000, ukihesabu na zile zenye paa.

Lakini mvua ya Brussels si mchezo. Coune aliona nafasi. Alichukua MGB mpya, akaiwekea paa linaloteremka taratibu mpaka nyuma, kama motokari za mbio za Kiitalia, na taa za mbele akazifunika kwa kioo cha plastiki. Alitengeneza 56. Kisha mwezi wa Oktoba 1965 kiwanda chenyewe cha MG kikatoa MGB yenye paa, MGB GT, iliyochorwa na Pininfarina wa Italia, na bei yake ilikuwa chini kwa sababu ilitengenezwa kwa mashine. Soko la Coune likafa. Hivyo ndivyo kazi ya mkono inavyokuwa mara nyingi: fundi mdogo anaonyesha njia, kiwanda kikubwa kinapita juu yake.

WAJENZI WA MABASI WALIOJENGA MOTOKARI ZA MBIO

Mfano wa tatu ni wa Thomas Harrington Limited, ateliye ya mji wa Hove, kusini mwa Uingereza. Kazi yake kubwa ilikuwa kujenga bodi za mabasi. Walikuwa wanajua kupiga bati, na walikuwa wanajua kutumia faiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliziwekea paa la faiba motokari za Sunbeam Alpine. Mwaka 1961 Alpine yenye paa la Harrington ilikimbia mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, ikapata zawadi ya kutumia mafuta vizuri kuliko wengine wote. Paa linaloteremka vizuri lilipunguza nguvu ya upepo, na mafuta yakabaki.

Mfanyabiashara mmoja wa motokari wa London, kampuni ya L. F. Dove, akawaomba wafanye vilevile na Triumph TR4. Zilitoka 43 tu. Mwaka 1966 Harrington wakafunga milango. Mkono uliojenga basi la watu wa kawaida ndio uliojenga motokari ambayo leo inawekwa chini ya kitambaa na kupanguswa kila Jumapili.

Wa nne ni Lynx, ateliye ya upande wa Hastings, Uingereza. Tangu 1982 mpaka 2002 walichukua Jaguar XJ-S, motokari kubwa ya mbio, wakakata sehemu ya nyuma, wakahamisha tangi la mafuta, wakaongeza paa na mlango wa mizigo. Waliziita Eventer. Zilitoka 67.

Ukijumlisha zote nne, 12 na 56 na 43 na 67, unapata motokari 178. Msururu wa malori hapa Kasumbalesa, siku mbaya, unaweza kupita hesabu hiyo.

Kuna jambo moja la kushika katika hesabu hizo: zinajulikana. Kila moja ya motokari hizo ina namba, ina jina la ateliye iliyoikata, na kwa nyingi karatasi zipo. Miaka 60 baadaye, mtu akinunua moja, anaweza kujua ni mkono gani uliochomelea paa lililo juu ya kichwa chake.

MKONO ULEULE AFRIKA

Huku kwetu kazi hiyo ina historia ndefu pia. Reli ya kutoka Mombasa ilipojengwa, kuanzia 1896 mpaka 1901, Waingereza walileta maelfu ya wafanyakazi kutoka India. Kati yao walikuwemo Masingasinga, mafundi wa mbao na chuma, na wengine wakafuata baada yao. Watoto na wajukuu wao walifungua magereji katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengi wakajenga bodi za malori na mabasi. Katika jamii hiyo alitoka Joginder Singh, makanika wa Kenya aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano mengine. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi.

Nairobi ndiko zilikozaliwa matatu. Za kwanza zilikuwa motokari kuukuu za Kiingereza, kama vigari vya mizigo vya Ford Thames, zilizowekwa mabenchi. Nauli ilikuwa senti 30, na jina likatoka kwenye hesabu ya tatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni ya magari ya abiria. Kazi ya mafundi wa bodi ikashamiri: shasi ya lori inaingia ateliye ikiwa na kichwa tu, inatoka basi. Lakini watu walikufa sana barabarani. Mwaka 2004 waziri John Michuki alileta sheria kali: mikanda kwenye viti, kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Kenya iliandika pia kanuni za namna bodi ya basi inavyopaswa kujengwa.

Kinshasa walipita njia kama hiyo. Mercedes 207 zilitoka Ujerumani zikiwa magari ya mizigo, bila madirisha. Mafundi wa Kinshasa walikata madirisha kwenye mabati, wakachomelea mabenchi ndani, na watu wakakaa wamebanana. Wakaaji wa mji wenyewe wakaziita esprit de mort, yaani roho ya kifo. Mwaka 2013 kampuni ya serikali ya mabasi, Transco, ilianza kazi, na mabasi madogo mapya yaliyokuja kuchukua nafasi ya 207 yakapewa jina la esprit de vie, roho ya uzima. Majina hayo mawili yanaeleza kazi ya fundi wa bodi kuliko kitabu: bati lilelile, linaweza kuwa la uzima au la kifo.

KATANGA: CHUMA, VITA NA WAKIMBIZI

Katanga haikujifunza chuma jana. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na ateliye za reli na za Union Minière zikawa shule ya vizazi vya mafundi. Baba alimfundisha mtoto, mtoto akafungua kazi yake mwenyewe kandokando ya barabara.

Ujuzi huo ulitumika pia kwa vita. Katanga ilipojitenga, tangu tarehe 11 Julai 1960 mpaka Januari 1963, malori ya kawaida yalivikwa mabamba ya chuma, yakatobolewa matundu ya bunduki, yakawa magari ya vita. Wakati huohuo, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni ya Elisabethville, wakilala katika vibanda vya mabati na maturubai. Kwa hiyo mwaka mmoja, katika mji mmoja, bati moja lilikuwa silaha na bati lingine lilikuwa nyumba ya mkimbizi. Wazee wanaokumbuka miaka ile bado wapo.

VOLANI NA MLANGO

Sasa turudi mpakani. Motokari ya Japani inayokuja Kongo ina njia mbili. Inaweza kupitia Dubai, ambako kuna ateliye zinazohamisha volani kwa wingi kabla ya kuiuza Afrika na kwingineko. Au inaweza kuja kupitia Dar es Salaam na Zambia volani ikiwa bado kuume, na kugeuzwa huku, au kuachwa hivyohivyo. Zaidi ya mara moja serikali ya Kinshasa imetangaza kukataza motokari za volani ya kuume. Wenye motokari wamelalamika kila mara, kwa kuwa ndizo za bei wanayoweza.

Kuhamisha volani ni zaidi ya kuhamisha gurudumu la mkono. Fundi anapaswa kuhamisha mfumo mzima unaogeuza magurudumu, pedali zote, pampu ya breki, dashibodi, na vipangusio vya kioo. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na shofere unatobolewa upya, na matundu ya zamani yanafungwa. Kama chuma cha volani kimeungwa kwa kuchomelewa vibaya, kinaweza kukatika shofere akiwa kwenye kona, na hapo hakuna maombi yatakayogeuza gurudumu.

Kuna taa. Taa za motokari ya Japani zikishushwa zinaangaza zaidi upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko pembeni mwa barabara yao. Kwetu upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Volani imehamishwa, taa zikabaki: kila usiku shofere huyo anawapofusha wanaokuja mbele yake, na yeye mwenyewe haoni anayetembea kwa miguu upande wa kuume.

Kisha kuna mlango, na hapa ndipo wazazi wasikilize. Basi dogo la Hiace lililotengenezwa kwa barabara za Japani lina mlango wa abiria kushoto, kwenye ukingo wa barabara yao. Likiletwa Kongo, mlango huohuo unafungukia katikati ya barabara, kule malori yanakopita. Kuhamisha volani hakubadilishi mlango. Mama anayeteremka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi anakanyaga njia ya lori. Kufunga mlango wa kushoto na kukata mwingine kuume ni kazi kubwa: ni kukata ubavu, kuimarisha nguzo, kuweka reli ya mlango. Ni kazi ileile ya Radford na ya Lynx. Inagharimu, na kwa hiyo inaachwa.

Familia zilizohama ndizo zinazopata hatari hiyo zaidi. Hazina motokari yao, zinapanda chochote kinachopita, mara nyingi usiku, na vitu vyote vya nyumba vikiwa juu ya paa ambalo halikujengwa kubeba mizigo ile.

JINA LA FUNDI

Mtu akiuliza tofauti iko wapi kati ya ateliye ya Brussels na ateliye ya Lubumbashi au Kasumbalesa, jibu la haraka ni vyombo na pesa. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Singh alishinda na Volvo iliyotumika. Coune alikuwa na ateliye, hakuwa na kiwanda. Akili ya kukata na kuchomelea haina pasipoti, na kati ya wote wanaovuka mipaka wakikimbia, fundi ndiye anayevuka na mali yake ikiwa kamili, kwa sababu iko mikononi.

Tofauti kubwa zaidi ni jina. Kazi ya Coune ina jina lake na hesabu yake: 56. Kazi ya fundi wetu haina jina. Volani inahamishwa leo, motokari inauzwa kesho Likasi, inauzwa tena Kolwezi, na siku chuma kinapokatika hakuna anayejua nani alikichomelea. Fundi mzuri anakosa sifa, fundi mbaya anakosa aibu, na wote wawili wanalipwa bei moja. Katika soko la namna hiyo, mzuri anachoka.

Kurekebisha jambo hilo hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji kibati kidogo kilichopigwa namba na kufungwa ndani ya mlango: jina la ateliye, tarehe, na kazi iliyofanywa. Kunahitaji daftari linalobaki ateliye. Mwenye motokari anaweza kulidai kabla ya kulipa. Chama cha mashofere kinaweza kukataa basi lisilo nalo. Abiria naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kupandisha watoto, mlango unafungukia wapi.

Wazee wa Pwani wanasema chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini motokari hizi hazijazama. Zina usukani, na kuna mkono uliouweka pale ulipo. Mkono huo unastahili kujulikana, ili ukifanya vizuri usifiwe, na ukifanya vibaya uulizwe.